Wosia kwa Wajukuu wa Ateliye

Wajukuu wangu,

Nimekula chumvi nyingi, na macho yamechoka kwa moto wa kuchomelea. Mashine mmekwisha kuzigawana kabla sijafa, basi mimi nawaachia maneno.

Iga Barrière, hapa ilipo ateliye yetu, ni njia panda. Barabara ya Bunia ikifika hapa, moja inashika Mongbwalu kwenye dhahabu, nyingine Mahagi. Malori yanapita na simenti, mafuta, mbao, kisha watu juu ya mzigo. Mbele yanangojwa na madaraja ya chuma, na mengi katika nchi yetu ni ya Bailey, aliyoyabuni Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kipande kimoja kina mita 3 na ushei na kilo 260 hivi. Watu sita wanakinyanyua bila kreni. Vipande vinashikanishwa kwa pini, na kila pini ina kibanio kidogo kinachoizuia isichomoke. Kibanio hicho ndicho watu wanachokipuuza, au wanakichomoa wakauze chuma chakavu. Mkiitwa kukagua daraja, anzeni hapo. Msikodolee macho chuma kikubwa. Tazameni kinapoungana na mwenzake. Futeni matope mwone kama kuna ufa, gongeni kwa nyundo msikilize. Kisha ulizeni uzito wa lori, na jibu la dereva msiliamini.

Mnaniambia hamkusoma Ulaya. Basi sikilizeni habari za mjenzi wa madaraja Gustav Lindenthal. Alizaliwa mwaka 1850 mjini Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Alianza kwa uashi na useremala, na uhandisi kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe. Alihamia Marekani, na huko New York akasimamisha daraja la Hell Gate, tao la chuma la mita 298 hivi, lililokamilika 1916. Lakini ndoto yake ya kuvuka mto Hudson kwa daraja zito la treni ilishindwa na gharama. Aliyekuwa msaidizi wake, Othmar Ammann, akachora jepesi la magari, likafunguliwa 1931. Walitofautiana hasa katika mzigo waliokusudia kuubeba. Kwangu mimi, kijana ndiye aliyepiga hesabu vizuri.

Basi mkiitwa kujenga paa la kanisa au kinara cha tangi la maji, shikeni karatasi kabla ya msumeno. Hesabu ikiwashinda, mtafuteni injinia Bunia, hata kama atakula faida yenu. Na tajiri akiwataka mpunguze chuma, mrudishieni pesa zake.

Babu yenu