Mpira na Undugu

Sisi tu washabiki wa Muungano tangu utoto. Marehemu baba ndiye aliyetupeleka mara ya kwanza katika Uwanja wa Concorde, huko Kadutu; tangu siku ile, timu yetu ikifungwa, chakula hakitupiti kooni. Lakini mdogo wetu, tuliyenyonya naye ziwa moja, alichagua Bukavu Dawa.

Siku moja Dawa walitushinda. Mdogo wetu akaja kututania mlangoni, nasi tukamfukuza mbele ya watoto wake. Miezi mitatu hatukusalimiana.

Ikafika Dominika, katika kanisa kuu la Bibi Yetu wa Amani. Padre alipotualika kutakiana amani, tuligeuka. Kumbe aliye nyuma yetu ni yeye! Mkono ukawa mzito kama jiwe. Ndipo tulipokumbuka kwamba Concorde, kwa Kifaransa, maana yake ni mapatano. Tena timu yetu yaitwa Muungano, na yake Dawa. Majina yote matatu yalitushitaki. Tukamnyoshea mkono, naye akaushika.

Jioni tulikula ugali na sambaza katika sahani moja. Enyi wazazi, kupenda timu si dhambi. Lakini mchezo huisha kwa dakika 90, na ndugu hubaki.