Kubadilisha mwalimu wa mchezo



Katika internati yetu kuko mabishano ambayo hayajaisha tangu mwezi wa nane wa 2025. Ni juu ya Coco Gauff, yule msichana wa Marekani anayecheza tenisi. Wengine wanasema ni kigeugeu, anaacha walimu wake sawa mtu anayebadilisha viatu. Wengine wanasema hapana, anatafuta dawa ya ugonjwa wake. Sisi wa timu ya volebole ya wasichana tumeona vema kuandika kidogo, kwa sababu neno kama lile limefika kwetu pia, na shule nzima imelisikia kwa upande mmoja tu.

Shule yetu haina kiwanja cha tenisi, wote mnajua. Wawili tu kati yetu wamepata kushika raketi. Lakini televizioni tunaiangalia, na habari za huyu msichana tumezifuata tangu tukiwa wadogo.

Alizaliwa mwaka 2004. Baba yake alicheza basketi katika chuo kikuu, mama yake alikuwa mtu wa kukimbia na kuruka. Baba njo alikuwa mwalimu wake wa kwanza. Mwaka 2019, akiwa na miaka 15, alimshinda Venus Williams katika Wimbledon, pahali ambapo Venus alikuwa ametwaa kombe mara 5. Mwaka 2022 akafika fainali ya Roland Garros, Iga Swiatek akamfunga 6-1, 6-3. Kisha akawa sawa mtu aliyefika mlangoni na kukosa ufunguo. Katika mwezi wa saba wa 2023 akatolewa Wimbledon siku ya kwanza kabisa, na Sofia Kenin, ambaye alipaswa kupita mashindano ya mchujo ili aingie.

Mwaka ule baba yake alirudi nyuma, akaacha kazi ya kila siku kwa walimu wengine. Pere Riba wa Hispania alikuwa amekwisha kuja, na baada ya Wimbledon akaongezwa Brad Gilbert. Huyu Gilbert ni mzee wa kazi. Alimchukua Andre Agassi mwaka 1994, Agassi akashinda New York mwaka uleule. Alimchukua Andy Roddick mwaka 2003, naye akashinda New York mwaka uleule. Yeye mwenyewe alipokuwa mchezaji hakuwa na mchezo wa kupendeza macho; alijua tu namna ya kumfanya mwingine akosee.

Na hilo njo alilomfundisha Coco. Pigo lake la mkono wa kuume lilikuwa na kasoro, kila mtu alilijua, na wapinzani walikuwa wakipeleka mpira kule kwa makusudi. Katika majuma machache huwezi kumpa mtu mkono mpya. Lakini unaweza kumwambia: una miguu, kimbia, rudisha mpira mara moja zaidi, mwache yeye akosee. Tarehe 9 ya mwezi wa tisa 2023, siku ya posho, kwetu Lubumbashi ilikuwa saa ine ya usiku, fainali ya New York ikaanza. Seti ya kwanza Aryna Sabalenka alishinda 6-2. Halafu Coco 6-3, 6-2. Sabalenka alifanya makosa 46 ya bure, Coco 19. Alipokwisha kushinda alipanda kwa watu wake, na baba yake, yule aliyerudi nyuma, alikuwa akitoa machozi mbele ya makamera yote.

(Katika mashindano yaleyale Coco alimwambia Gilbert, mbele ya watu, anyamaze kidogo. Ile hatutaiiga, walimu wetu msiogope.)

Sasa wale wa upande wa kigeugeu wanauliza: kama Gilbert alimpa kombe, sababu gani kuachana naye mwaka mmoja tu baadaye? Tunajibu kwa hesabu moja. Katika New York ya 2024 Emma Navarro alimtoa, na katika mchezo ule Coco alifanya makosa 19 ya servisi mbili. Kwa wasiojua: katika tenisi unapewa nafasi mbili za kuanzisha mpira, ukikosa zote mbili, mwenzako anapata pointi bila kufanya kazi yoyote. Mara 19! Ni sawa kumpa mgeni mchele wako kikombe kwa kikombe mpaka mfuko umekwisha. Akili ya Gilbert haikuweza kuponya jambo lile. Akaja Matt Daly, akashughulika na namna ya kushika raketi, na Jean-Christophe Faurel wa Ufaransa akawa naye pia. Tarehe 7 ya mwezi wa sita 2025 Coco akatwaa Roland Garros mbele ya Sabalenka yuleyule: 6-7, 6-2, 6-4.

Na bado servisi ilikuwa mgonjwa. Katika mwezi wa nane, siku chache tu mbele ya New York, akaachana na Daly na kumwita Gavin MacMillan. Hapa njo mabishano ya internati yalipowaka moto. Lakini ni nani huyu MacMillan? Ni mtu anayechunguza namna mwili unavyokwenda: bega, kiuno, mkono. Sabalenka, mwanzoni mwa 2022 huko Adelaide, alifanya makosa mbili-mbili 21 katika mchezo mmoja. Watu walisema ni kichwa, ni hofu. MacMillan akamwonyesha kwamba ni mwendo wa mkono. Mwezi wa kwanza wa 2023 Sabalenka akashinda Australia.

Kwa Coco haikuwa upesi hivyo. Katika New York ile ya 2025 alilia katikati ya mchezo, na Naomi Osaka akamtoa. Sisi tunaona alikuwa na moyo mgumu: kuanza kujenga servisi upya wakati dunia nzima inakuangalia.

Basi tufike kwetu. Mwenzetu wa namba 7 ana mkono wenye nguvu kupita wetu wote, lakini mwaka uliopita servisi yake ilikuwa inaanguka katika file ao inapita mstari. Na volebole haina nafasi ya pili. Mwalimu wetu wa mchezo, ambaye wote tunamwita Baba, alitufundisha tangu siku tuliyoingia shule hii tukiwa hatujui hata kusimama kiwanjani. Mipira miwili aliinunua kwa mfuko wake. Kwa namba 7 alikuwa na neno moja: woga. «Ondoa woga, mwanangu.» Yule akalala mapema, akaomba, akapumua mara tatu mbele ya kupiga. File ikazidi kula mipira.

Mwezi wa pili akaja stajere wa mafunzo ya mwili. Siku mbili alisimama kando bila kusema. Siku ya tatu akamwita: «Dada, haina woga. Ni mukono wa kushoto. Unarusha mupira nyuma ya kichwa, kisha unaufuata.» Akachora mviringo kwa chaki mbele ya mguu wake. Akamwambia arushe tu, asipige, auache mpira uanguke. Mara 50 kila jioni. Ukianguka nje ya mviringo, umerusha vibaya, maneno yamekwisha.

Njo pale maneno yalipoanza katika shule: «Bale batoto banamufukuza Baba.» Hatukumfukuza. Tulikwenda kwake siku ya yenga mchana, wanne, na mama wa nyumba akatupa karanga. Kapiteni akasema, «Baba, tunaomba ruhusa stajere atufundishe servisi. Mengine yote yabaki kwako.» Baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, «Na mimi nitafanya nini wakati ule?»

Hakuna mtu kati yetu aliyekuwa ametayarisha jibu. Karanga zikabaki mkononi. Mwishowe namba 7, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema, «Utakaa pale unakaa siku zote, Baba. Nikigeuka nikuone.»

Alikuja siku ya kwanza ya juma na daftari. Tangu siku ile anakaa kwenye benchi na kuandika kila servisi, mistari mifupi-mifupi sawa mtu anayehesabu magunia. Posho iliyopita: servisi 20, zilizoingia 14. Alimwonyesha stajere ukurasa, akafunga daftari, akasema woga unaanza kupungua.