Swala Ana Kadi, Babu Hana

Borås, Uswidi

Wapendwa wa Nyansurura, pamoja na ninyi wa ng'ambo ya mto Mara mnaosoma gazeti kwa kuazimana,

Juzi alfajiri simu yangu ilitetema. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, tatu za salamu na moja ya shida. Baraza la ardhi la kata limewaita tena kwa ajili ya lile shamba la bondeni. Upande wa pili wanasema mpaka ulikuwa kwenye mkuyu. Sisi tunasema kwenye kichuguu. "Baba mdogo, wewe ndiye msomi wa makaratasi. Daftari la babu liko wapi?"

Nikampigia shangazi. Tulipomaliza habari za mvua, ng'ombe na wagonjwa, akaniambia bila wasiwasi wowote kwamba daftari lilikaa sandukuni mpaka likaingiwa na mchwa, na kurasa zilizopona mjukuu alizifungia karanga za kuuza senta. Karanga! Miaka thelathini ya babu, nani alitoa ng'ombe wangapi, nani alilima wapi, mashahidi walikuwa akina nani, yote yameliwa na chumvi kwa shilingi mia mia.

Sasa ninyi mnaoniuliza kila nikija likizo, "Hivi mtu anasoma mpaka uzamivu ili apange vitabu kabatini?", kaeni chini. Kupanga vitabu ni kazi ya heshima, lakini mimi nasoma nadharia za ukutubi na habari: mtu anaitafutaje habari, kwa nini wakati mwingine anaificha, na ni kitu gani kinastahili kuitwa waraka. Hilo la mwisho lina kisa chake. Mwaka 1951 mkutubi mmoja wa Maktaba ya Taifa mjini Paris, mama aitwaye Suzanne Briet, alichapisha kijitabu chembamba ambacho huku hukipiti bila kukisoma. Anasema nyota iliyoko angani si waraka, ila picha ya nyota ni waraka. Jiwe la mtoni si waraka, ila jiwe lililowekwa makumbusho ni waraka. Kisha anatoa mfano wa swala wa aina isiyojulikana, aliyeonekana Afrika, akakamatwa na kupelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Paris. Magazeti yakamtangaza, maprofesa wakamfundishia, akaorodheshwa, akifa akajazwa pamba. Alipokuwa anakimbia porini alikuwa mnyama tu. Alipoingia kwenye orodha akawa waraka.

Siku tuliyofundishwa kisa hicho darasa zima lilikuwa linaandika kwa utulivu, mimi nikacheka peke yangu. Kwetu swala ana maana nyingine kabisa, na sitaieleza hapa kwa kuwa askari wa hifadhi nao wanasoma magazeti.

Jumapili iliyofuata nikaenda bustani ya wanyama ya hapa Borås. Ipo tangu 1962, na ina uwanja mkubwa wanaouita savana, ambamo tembo, twiga na swala huchangamana. Nilisimama kwenye uzio nimevaa makoti mawili, nikamtazama swala, naye akanitazama kama mtu wa kwao. Ana kibao chenye jina lake la Kilatini. Ofisini ana kadi: kazaliwa lini, mama yake nani, baba yake nani, kachanjwa lini. Nikakumbuka zile karanga, nikaona aibu mbele ya swala.

Hawa Waswidi kuandika ni ugonjwa wao wa zamani. Sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwaagiza wachungaji kuweka vitabu vya waliozaliwa, waliofunga ndoa na waliofariki, na mpaka 1991 kanisa ndilo lililokuwa likiandikisha watu. Bibi wa nyumba ya chini anawajua mababu zake hadi karne ya 18, kwa majina na vijiji. Lakini jirani anayeishi juu yake miaka sita, bibi huyo hajui anaitwa nani. Kwa hiyo msidhani nimeleweshwa na theluji. Wao wana vitabu vya wafu, na jirani aliye hai wanampita kwenye ngazi wakiangalia viatu. Sisi tunajua mpaka jirani amekula nini jana, ila mpaka wa shamba lake hatuna karatasi.

Tena siyo kwamba hatuna maarifa. Tunayaficha. Kuna Mmarekani mweusi, Elfreda Chatman, aliyewachunguza wafagizi wa chuo kikuu na kina mama wazee kwenye makazi ya wastaafu, na mwaka 1996 akaandika juu ya umaskini wa habari. Aligundua kwamba mtu anaweza kuzungukwa na habari akabaki maskini, kwa sababu anaogopa kusema shida yake. Wale kina mama walificha maradhi wasije wakahamishiwa kwenye nyumba za wasiojiweza. Nilipomsoma niliwaona ninyi. Mtu anaficha daftari ili ndugu wasijue anadaiwa. Ritongo, baraza letu la hadhara, linaketi, linaamua, linatawanyika. Mwaka ujao kila aliyehudhuria ana ritongo lake kichwani. Siri za inchama, baraza la siri la wazee, nazielewa, zile ziacheni kwa wenyewe. Lakini tangu lini idadi ya ng'ombe wa mahari ikawa siri ya inchama?

Na linaloniuma zaidi ni hili. Wazee wa Mara kusini walikuwa wanaandika historia zao wenyewe. Aliyezifuata, akakaa nao na kuzikusanya ni Profesa Jan Bender Shetler, aliyekuwa akifundisha Chuo cha Goshen, Indiana, na kitabu kikatoka Leiden, Uholanzi, mwaka 2003. Ninamshukuru kwa dhati. Lakini mimi mtoto wa hapo, niliyechunga ng'ombe mbele ya nyumba za wazee kama hao, sikuwahi kumwomba hata mmoja anionyeshe alichoandika. Mlitufundisha kuwaamkia wazee, na tukaishia kwenye shikamoo.

Basi fanyeni hivi. Nunueni daftari kubwa la jalada gumu, siyo la shule la kurasa arobaini. Juu ya ukurasa andikeni tarehe, mahali na jina la anayesema. Maneno bila jina ni uvumi. Andikeni kwa lugha aliyosemea mzee, Kiswahili kitakuja baadaye. Pigeni picha kila ukurasa, tumeni kwa watu wawili wanaoishi mbali mbali. Daftari lisikae chini wala ukutani, mchwa hawana likizo. Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila; mfuateni mtendaji wa kijiji mkaulizie, na mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji muulizeni iko wapi. Atakunja uso. Muulizeni tena. Na vijana wanaotaka njia yangu, waanzie chuo cha ukutubi cha Bagamoyo. Wakifika huku kwenye uzamivu, mwanafunzi ni mwajiriwa, analipwa mshahara, kwa hiyo mzee asidanganywe akauza ng'ombe kwa ajili ya ada.

Shangazi, sijakukasirikia. Niliuliza tu kama karanga zilikuwa tamu.

Mwanangu, kuhusu mkuyu na kichuguu: yupo bado yule mzee aliyekuwa akichunga pamoja na babu kule bondeni. Nenda kesho asubuhi, beba sukari, na ubebe kalamu mbili, maana ya kwanza itaisha wino akiwa bado kwenye majina ya ng'ombe.