Mshipa
Watu wa Murukulazo wanamwita nesi. Kwenye karatasi za ajira mama huyu ni mhudumu wa afya: kupima joto, kuchemsha vifaa, kupiga deki. Muuguzi ni mimi niliyemkuta hapo, mwenye cheti na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anayeruhusiwa kuchoma dawa ya mshipa zahanati hii ni mimi.

Lakini mshipa anaujua kuliko mimi. Alijifunza mwaka 1994, Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo na Benaco ikageuka mji wa mahema kwa siku chache. Alikuwa msichana wa kubeba maji. Wagonjwa wakazidi, akafundishwa kuwawekea kanula watoto waliokaukiwa maji, na hakuna aliyemuuliza cheti. Wakimbizi wakarudishwa kwao Desemba 1996. Yeye akarudi nyumbani na ujuzi usio na karatasi.

Siipingi sheria. Dawa ikishaingia mshipani hairudi. Kichupa cha artesunati cha miligramu 60 kina namna yake ya kuyeyushwa, na kipimo hufuata uzito: mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, mkubwa 2.4. Mwenye mkono mwepesi asiyejua hesabu hiyo namwogopa kuliko anayetetemeka. Hesabu ningeweza kumfundisha jioni moja. Leseni sina ya kumpa.

Usiku mmoja wa masika aliletwa mtoto wa miaka miwili mwenye degedege. Mama yake alimwangukia miguuni: "Nesi, mchome!" Hakumchoma. Alimlaza ubavu, akampangusa povu, akaja kunigongea. Nyumba yangu iko hatua chache tu. Sipendi kufikiria ningekuwa nimelala Ngara mjini.

Sindano ya malaria ningeichoma hata pajani. Ila sukari ilikuwa imeshuka, na glukosi haichomwi kwenye nyama. Nilitafuta mshipa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Yeye alishika tochi. Mwishowe akaweka kidole juu ya kifundo cha mguu.

"Hapa, mwanangu. Usiutafute kwa macho."

Damu ikarudi kwenye kanula.

Kitabuni niliandika jina langu, maana hakuna safu ya mshika tochi. Alfajiri mtoto aliomba uji. Mama yake alinishukuru mimi, akipita kwa uangalifu pembeni, sakafu ilikuwa bado mbichi.