Staa Amponda Fundi, Kumbe Mchawi ni Relei!

Wengi mmeiona ile stori ya staa wetu mmoja wa kike, jina kapuni, akimwita fundi wake kanjanja mbele ya mashabiki. Tangi lilimwaga usiku kucha, maji yakaingia mpaka studio ya nyumbani, spika zikalowa. Komenti zikajaa matusi. Mimi sikucheka, maana fundi mwenyewe ni binamu yangu, na tangu siku ile hakuna mteja anayempigia simu.

Nikamfuata gheto, akanionyesha relei aliyoipasua. Ndani kuna vipande viwili vidogo vya chuma. Vikigusana pampu inawaka, vikiachana inazima. Hivi vilikuwa vimeshikana kama vimechomelewa! Tangi limejaa, floti imeamuru pampu izime, vyuma vimegoma kuachana.

Kisa? Pampu ile ni ya hospawa 1, ikitulia inakula kama ampea 5. Ila mota inapoamka huvuta hata mara 6 ya hapo, yaani kama ampea 30, na relei imeandikwa 10. Halafu vyuma vikikutana havitulii palepale, vinadundadunda na kupiga cheche. Cheche inayeyusha uso wa chuma, ukipoa vinagandana. Leo kidogo, kesho kidogo, siku moja ndo basi.

Dawa ipo. Relei ndogo isibebe pampu, kazi yake iwe kuwasha kontakta ya mota, ile ya daraja la AC-3, ndiyo ibebe mzigo. Kwenye vitu vyenye kapasita kubwa kama amplifaya, inawekwa thamista ya kupunguza ule mvuto wa mwanzo. Na zipo relei ambazo vyuma vyake ni fedha iliyochanganywa na oksidi ya bati, hizo hazigandi kirahisi kama fedha tupu.

Sasa sikia. Kontakta ilikuwepo kwenye orodha ya binamu, nimeiona WhatsApp kwa macho yangu. Meneja wa staa akajibu, "Hiyo ruka, bajeti imebana." Wiki hiyohiyo tukaona pati ya bethidei, shampeni zinamwagwa kama maji ya tangi!

Dada yetu, kama unasoma hapa, stori yako ilifutika baada ya saa 24, ila jina la fundi bado lina doa. Posti nyingine tu, umsafishe kijana wa watu.

Wadau, nani alipe hizo spika? Tiririka hapo chini.