Ntimaru: Fundi wa nira na mbao zenye pua mbili

Mgeni akifika Ntimaru baada ya mvua, somo la kwanza analopewa ni la kuteleza. Mimi nililipata Desemba, hatua chache tu kutoka nilikoshukia matatu. Udongo ulininyang'anya miguu, begi likaenda kushoto nami nikaenda kulia. Watoto waliotoka kisimani walicheka, kisha wakaniokotea begi na kunionyesha njia.

Ntimaru iko Kuria Mashariki, katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Ni nchi ya ukoo wa Abairege, ambao wana ndugu zao ng'ambo ya pili, wilayani Tarime. Vilima vyake vimejaa mahindi, migomba na tumbaku, na asubuhi hewa yake humfanya mtu wa Nairobi atafute sweta.

Nilialikwa na rafiki yangu niliyesoma naye chuoni. Baba yake ni seremala. Huchonga mipini ya majembe, nira za maksai na lile gari lisilo na magurudumu: gogo lenye panda, ncha yake ya mbele imechongwa ikainuka, ambalo maksai huliburuta likiwa na magunia ya mahindi.

"Mura, unajua kwa nini pua hii inatazama juu?" aliniuliza. "Ikitazama chini italima. Badala ya kubeba mzigo, itachimba shimo."

Sikujua kwamba jioni hiyo hiyo pua ya mbao ingezua mjadala nyumbani humo.

Bintiye wa tatu anasoma Calgary, nchini Kanada. Jioni na wikendi hufanya kazi, na sehemu ya mshahara wake hulipa karo ya kitinda mimba. Saa mbili usiku kwetu, saa nne asubuhi kwake, alipiga simu. Baada ya salamu alisema kwamba wenzake wamemwalika kujifunza skii, tena ile ya mitindo huru, ambapo watu huruka, huzunguka hewani na kuteremka kinyumenyume. Alikuwa na picha za skii kuukuu jozi tatu, naye angenunua moja.

Mama aliweka kikombe chini. "Ukivunjika mguu huko, nani atakupikia uji?"

Baba aliuliza jambo jingine. "Na karo ya Januari?"

"Ipo, Baba. Nimeitenga. Hizi ni akiba zangu za kiangazi."

Pakawa kimya. Kisha mzee akavaa miwani, akaichukua simu na kuanza kuzikagua zile mbao kama anayekagua mti wa nira.

Msomaji asidhani kwamba skii ni jambo geni kabisa kwa Mkenya. Mwaka 1998 Philip Boit alituwakilisha katika Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, lakini bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimsubiri mwishoni akamkumbatia. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliteremka milima ya Korea Kusini akiwa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika michezo hiyo.

Jozi ya kwanza ilikuwa nyembamba na ngumu, pua mbele na mkia bapa nyuma. Hizo ni za mashindano ya kasi.

"Hii ni kama gari langu," akasema mzee. "Inajua kwenda mbele tu."

Alisema kweli. Anayeruka na kugeuka nusu duara hutua akitazama alikotoka, na mkia bapa huweza kudidimia thelujini ukamwangusha. Ndiyo maana zikabuniwa skii zenye pua mbili. Majaribio yalikuwapo tangu zamani, lakini mwaka 1998 kampuni ya Salomon, ikisaidiwa na vijana wa Kanada akiwamo Mike Douglas, ilitoa skii iliyoitwa Teneighty, na mtindo ukaenea. Mwaka 2014, kule Sochi, mashindano ya kuruka vikwazo kwa skii yakaingia Olimpiki.

Jozi ya pili ilikuwa na pua mbili, yenye rangi za kupendeza. Urefu wake sentimita 178, na kiunoni, pale mguu unapokaa, upana wa milimita 112. Binti aliipenda.

"Wewe una urefu gani?" mzee akauliza.

"Mia moja sitini na tano."

"Ubao unakupita kichwa. Utauzungushaje?"

Naam, skii pana hivyo hufaa theluji nene iliyo laini, na ndefu hivyo humchosha mwanafunzi. Anayeanza michezo hii hushauriwa achague urefu unaofika kati ya kidevu na paji la uso, na kiuno cha milimita 80 hadi 95 hivi. Skii hiyo humfaa kwenye njia iliyoshindiliwa na pia kwenye uwanja wa kurukia.

Jozi ya tatu ilikuwa na mikwaruzo: sentimita 156, kiuno milimita 86. Mzee akataka kujua kama inanepa. Binti alikuwa ameikunja kwa mkono dukani, na ilinepa kiasi. Hilo lilimridhisha, kwani ubao laini humsamehe mwanafunzi akikosea, ingawa ukilegea mno hutetema mwendo ukishika kasi. Aliposikia kwamba ndani yake mna kiini cha mti, alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mikwaruzo si neno. Tazama kingo za chuma. Zikiwa na nyufa, iache."

Likabaki la vishikizo, vinavyoshika buti na kuliachilia mtu anapoanguka. Kwa mwanafunzi hufaa vifungwe katikati ya ubao au sentimita mbili tatu nyuma yake. Lakini nguvu ya kuachilia hupimwa na fundi, kwa kuangalia uzito, urefu, umri, uzoefu wa mtu na urefu wa soli ya buti lake. Kikikaza mno hakiachilii, na goti ndilo hulipa. Vishikizo vilivyopitwa na wakati fundi huvikataa.

Mzee akaamua. "Chukua hiyo ya mikwaruzo. Pesa zinazobaki umlipe fundi, na ununue kofia ngumu. Kisha jifunze kurudi nyuma kwenye mteremko mdogo kabla ya kuruka."

"Ndivyo mwalimu alivyosema, Baba. Kinyumenyume kwanza, kisha kuruka kidogo, kisha nusu duara."

Mama hakusema neno. Alimwomba tu binti atume picha akiwa amesimama wima.

Picha ilifika Januari, karo ikiwa imekwisha kulipwa. Rafiki yangu alinitumia nami. Binti yuko thelujini, kofia kichwani, mbao za mikwaruzo miguuni, na amesimama wima. Pua mbili zinatazama juu.