Mzinga Kifuani

Mjomba alipofariki nilipewa jezi yake ya Arsenal, nyekundu iliyopauka hadi kukaribia rangi ya tofali, na ule mzinga wa kifuani umebanduka nusu. Alikuwa fundi redio pale Ngamiani, Tanga. Jumamosi alifunga banda mapema, na wateja walijua kwa nini.

Mzinga ule ni wa silaha, si wa nyuki. Mwaka 1886 wafanyakazi wa karakana ya Dial Square, ndani ya kiwanda cha silaha cha serikali huko Woolwich, kando ya mto Thames, walianzisha timu ya mpira iliyokuja kuwa Arsenal. Hayo shabiki yeyote wa Arsenal atakusimulia hata usipomwuliza. Mimi tangu msiba namfikiria mtu mwingine wa Woolwich, ambaye hakucheza mpira.

Frederick Abel alikuwa mkemia wa Wizara ya Vita, na alifanya kazi Woolwich tangu 1854. Alijuana vizuri na Alfred Nobel, Mswidi aliyevumbua baruti ya dinamiti. Mwaka 1887 Nobel alipata balistiti, baruti isiyotoa moshi. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaunda kamati ya baruti, Abel akiwa mwenyekiti na James Dewar mjumbe. Nobel akawaandikia, akawaeleza, akawapelekea sampuli. Mwaka 1889 Abel na Dewar wakasajili baruti yao, kodaiti. Ndani yake mlikuwa na nitrogliserini na pamba iliyotiwa asidi, kama ya Nobel, na vaselini kidogo.

Upande wa Nobel ukawashtaki, na kesi ikafika hadi Baraza la Malodi. Kilichomwangusha Nobel ni neno moja: katika hataza yake alikuwa ameandika pamba ya aina inayoyeyuka, na wale wawili walitumia isiyoyeyuka. Jaji mmoja wa rufaa alikiri kwamba moyo wake uko na Nobel, ila sheria haiko naye. Mwaka 1895 kesi ikaisha, Nobel ameshindwa. Tarehe 10 Desemba 1896 akafa.

Mjomba naye alikuwa na kijana bandani. Alimwita "mwanangu". Alimfundisha kuijua spika iliyochanika kwa kuisikiliza tu, kabla ya kugusa bisibisi, akamwazima na daftari lake la michoro ya saketi, lililoliwa na mafuta pembeni. Kijana akafungua banda ng'ambo ya barabara, bei nusu. Sisi wapwa tulichemka. Mjomba akasema, "Daftari ni langu, mkono ni wake," akaendelea kulehemu. Wakati ule niliona ni unyonge. Siku hizi sina hakika, ingawa najua meza ya kijana pale bandani haikukaliwa tena na mtu, na redio za watu zilirundikwa juu yake mpaka vumbi likazifunika.

Na Nobel mwenyewe si wa kuliliwa tu. Alikuwa akiishi Ufaransa. Alipowauzia Waitalia balistiti, Wafaransa wakamwita jasusi, na mwaka 1891 akahamia San Remo, Italia. Kila upande ulikuwa na mtu wake wa kumwita msaliti. Hasira yote ile, barua zote, mawakili wote, ilikuwa ni kugombea baruti ni ya nani, si inakwenda kumpiga nani. Tarehe 2 Septemba 1898, huko Omdurman, bunduki za askari wa Kiingereza zilikuwa na risasi za kodaiti. Wasudani kiasi cha 10,000 waliuawa, wengi wao kabla ya adhuhuri. Nikiishika jezi hii huwa najiuliza kama mjomba angeivaa lau angejua hayo ya Woolwich. Nadhani angeivaa. Angelalamika kwanza kuhusu beki ya kushoto, halafu angeivaa.

Yule kijana alikuja mazishini. Ana mvi sasa. Alishika jeneza mguu wa mbele, hakukubali kupokewa mpaka makaburini, akatia udongo, akapeana mikono na kila mfiwa. Kwangu alisimama kidogo, akaiangalia jezi niliyokuwa nimeitupia begani, akasema, "Pole, bwana." Daftari hakulirudisha, wala sikumwuliza.